Dakika Kumi na Moja za Kumzika Nicholas

Jumatatu, 4 Agosti

Imekwisha! Filamu imekwisha. Dakika kumi na moja, hakuna kicheko hata kimoja. Nimeiita Hodi ya Tatu. Nimeitazama mara tisa na mara zote tisa nimeogopa, ingawa mimi ndiye niliyeitengeneza na ninajua nani anabisha.

Kwa faida ya watakaokuja kuandika historia yangu: mvuvi anazama ziwani. Mwili haupatikani. Familia inafanya kama tunavyofanya huku kwetu. Inachuma yago, lile tunda refu la kijivu linaloning'inia mtini kama mguu wa mtu, inalivisha sanda na kulizika badala ya marehemu. Siku ya tatu, mchana kweupe, hodi mlangoni. Hodi ya pili. Hodi ya tatu. Mke anafungua. Giza. Basi.

Mvuvi ni Nicholas, mtoto wa baba yangu mdogo. Mke ni Marion, mke wangu, aliyekubali kwa sharti aonekane mgongo tu. Kaburi ni la kweli, tulilichimba hapa Magunga, kando ya simba ya Nicholas, nyumba yake ya ujana. Yago ni la kweli. Jina ni la kweli pia, kwa sababu kila nilipomwita jina la kubuni Nicholas hakugeuka. Marion alisema yago si kitu cha kuchezea, hasa ukishalitajia jina la mtu anayekula na kushiba. Nikamweleza kwamba huo ni uhalisia. Akasema ni balaa, na kwamba unga umeisha.

Mbele yangu siku mbili kubwa. Ijumaa tarehe 15, mashindano ya filamu fupi Homa Bay mjini. Jumamosi tarehe 16, ayie ya Nicholas kule Mbita: tunakwenda kumwomba mama yake Trizah akubali binti yake aolewe. Nicholas na Trizah wamengojana miaka sita. Miwili ya mwisho Nicholas ameishi chini ya ardhi, kwenye machimbo ya dhahabu ya Osiri, akitafuta ng'ombe kwa sururu. Mshenga ni mimi. Nani mwingine?

Naandika Kiswahili makusudi. Marion husema Kiswahili ni lugha ya polisi na makanga, hawezi kukisoma kwa hiari yake. Daftari nalificha nyuma ya debe la unga.

Jumanne, 5 Agosti

Mbita. Safari ya kishenga. Mama Pamela, mama yake Trizah, anauza samaki karibu na stendi na humjua mwongo kabla hajamaliza sentensi. Nikamsalimu kwa adabu zote. Nikasema Nicholas ni mzima, ana bidii, yuko hai. Akaniuliza kwa nini nimesema yuko hai. Nikasema ni namna ya kusema. Akaendelea kuparua magamba ya ngege, lakini macho yake yalibaki kwangu.

Nikapita kwa Abdirahim, mwenye duka la mapazia. Mtu mtulivu, rafiki yangu tangu nilipomrekebishia redio ikashika stesheni moja tu, lakini ile aipendayo. Nikamwonyesha filamu kwenye kompyuta, nyuma ya mashuka. Alitazama mkono shavuni. Ilipoisha, kimya. Kimya kirefu! Nikajua nimempata.

Akasema filamu ni nzuri, ila kuna jambo. Kwa nini yule mama alifungua mlango bila kuuliza ni nani? Kwao mtu hafungui kwa hodi tupu. Unauliza ni nani. Anataja jina, jina la baba, ukoo. Halafu unafikiria. Nikamwambia hapo ndipo penye woga wote. Akasema hapana, hapo ndipo penye uzembe wote.

Ameniazima mapazia meusi ya kutia giza ukumbi wangu wa video. Mtu mwema. Hajui sanaa.

Alhamisi, 7 Agosti

Osiri. Nilitaka watazamaji wagumu, watu wanaoshuka shimoni kila siku. Wakiogopa hawa, Homa Bay watazimia.

Saa saba, kibanda cha chakula, wachimbaji kama thelathini na sahani za ugali. Nicholas mwenyewe kakaa katikati, mweupe kwa vumbi la mawe tangu nywele hadi viatu. Kila alipotokea kwenye picha walimpigia makofi. Alipozama, makofi zaidi. Halafu likaja kaburi, wakaacha kula.

Nikafikiri, sasa!

Mmoja akapaza sauti kwamba futi tatu si kaburi, ni shimo la kupandia ndizi. Mwingine akauliza nguzo za kuzuia udongo ziko wapi. Wa tatu akasema aliyechimba pale hajawahi kushika sururu, na wote wakamgeukia Nicholas, na Nicholas, ndugu yangu wa damu, akanyoosha kidole kwangu. Hodi ya tatu ilipita wakiwa bado wanabishana kuhusu kuta za shimo. Hakuna aliyeisikia.

Ila mmoja, Momanyi, Mkisii mwembamba mwenye kofia ya chuma, aliniomba nirudishe nyuma mara nne. Nikafurahi. Kumbe alikuwa anatazama udongo. Aliniuliza kwa sauti ya chini ule udongo mwekundu wenye vijiwe vinavyometa uko wapi hasa. Nikamwambia ni Magunga. Akaandika mkononi.

Nicholas amenisindikiza hadi barabarani. Alisema, omera, yaani ndugu yangu, filamu ni nzuri, lakini Mama Pamela asiione kabla ya ayie. Nikamwahidi. Akasema anashuka shimo jipya, refu, simu haitashika hadi Jumanne. Nikamwambia ashuke kwa amani, kila kitu kiko mikononi mwangu. Nilimwona akisitasita.

Ijumaa, 8 Agosti

Bravin ameweka picha zake kwenye kundi la WhatsApp la Magunga. Bravin ana miaka ishirini na nne, anapiga video za harusi, na ana droni. Ameandika kwamba Homa Bay ataleta "kitu heavy". Amenitumia ujumbe pia: "Buda, nasikia uko na movie. Uko na sauti ama ni ya kusoma?" Sikujibu. Nilijibu mara tatu halafu nikafuta.

Ninahitaji ukumbi ujae kesho. Nikawaza. Watu wa Magunga hutoka nyumbani wote kwa jambo gani? Si mpira. Si siasa. Ni matanga!

Kwa hiyo nimempata jamaa wa pikipiki mwenye spika, yule anayetangaza vifo. Nimemwandikia maneno mwenyewe: tanzia, tanzia, Nicholas wa Magunga amezama, mwili haujapatikana, njooni nyote ukumbi wa video wa Jacktone, Jumamosi saa nane mchana. Neno filamu nimeliweka mwisho kabisa, lisomwe kwa sauti ya chini. Hiyo inaitwa kumwacha mtazamaji na hamu.

Jamaa aliuliza kama familia imekubali. Nikamwambia familia ni mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

USHINDI!

Saa saba na nusu ukumbi umejaa. Saa nane kasoro wamejaa hadi nje, wanachungulia kwenye matundu ya mabati. Na hawakuja mikono mitupu! Viti vyao wenyewe. Kuni. Gunia la mahindi. Jogoo. Mzee mmoja wa kanisa kavaa koti jeusi kwenye joto lile. Nikamwambia Marion kwamba huko ng'ambo watu huvaa hivyo hivyo kwenda kutazama filamu mpya. Marion alikuwa anamtazama jogoo.

Mapazia ya Abdirahim yakashuka. Giza tii. Picha ya kwanza: Nicholas akitabasamu, chini yake mwaka wa kuzaliwa na mstari. Mama mmoja akapiga ukelele, wuololo! Sekunde ya nne! Sekunde ya nne tu, watu wanalia! Wakaitikiana ukumbi mzima. Wengine walikuwa wameanza kulia kabla sijawasha mashine. Nilisimama nyuma nikilia pia, kwa furaha.

Dakika ya tano mwanamume mmoja akainuka, akasimama mbele ya picha, akaeleza jinsi Nicholas alivyomsaidia kuvuta mtumbwi mwaka ule wa mafuriko. Nusu ya filamu ilionekana kwenye shati lake. Dakika ya nane mzee wa kanisa akawaomba wote wafumbe macho tuombe. Wakafumba. Mimi nikajaribu kusimamisha filamu, rimoti ikakataa. Hodi ya kwanza ikalia. Ya pili. Ya tatu.

Ukumbi mzima, macho yamefumbwa, wakajibu kwa pamoja: Karibu!

Sijui kama hiyo ni kuogopa. Lakini ni kitu. Wametoka wakinishika mkono mmoja mmoja wakiniambia pole. Nikajibu ahsante, ilikuwa kazi ngumu.

Jumapili, 10 Agosti

Wanafikiri amekufa.

Kanisani mchungaji ametangaza kamati ya mazishi. Mwenyekiti ni mimi. Nilisimama kukanusha, watu wakaniambia nikae, uchungu huja na kuondoka. Nikasema ilikuwa filamu. Mama mmoja akanipangusa uso kwa leso yake akamwambia jirani kwamba mimi na marehemu tulipendana sana.

Nimempigia Nicholas mara ishirini. Hapatikani. Yuko chini ya ardhi, yaani kazini.

Kisha Trizah akanipigia. Yeye anajua, maana Nicholas alipanda juu mara moja jana jioni kula, akamtumia ujumbe, akarudi shimoni. Amemwonyesha mama yake ujumbe huo. Mama Pamela akasema mitandao ya siku hizi huchelewesha ujumbe hata wa marehemu. Amefunga biashara, anakuja kesho na akina mama wa kikundi chake. Trizah akasema, shemeji, nimengoja miaka sita, mama yangu akigundua amelilia yago, hatanipa kwa Nicholas wala kwa mtu yeyote wa ukoo wako hadi dunia iishe. Akasema mengine pia. Ni mwalimu wa nasari lakini ana msamiati.

Mpango: kukaa kimya, kisha kusema Nicholas alipatikana ufukweni akiwa na homa kidogo. Marion akaweka mwiko chini. Akachukua simu yangu, akatoka nje kwa muda mrefu.

Jambo dogo: kuna alama ya mafuta ya omena kwenye ukurasa wa Ijumaa. Mimi sikula omena Ijumaa. Kuna panya nyuma ya debe.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku ya kutisha kuliko zote na sina hata picha moja. Nieleze polepole.

Saa tano asubuhi. Nyumbani kwa Nicholas, watu wamekaa chini ya turubai, kaburi la futi tatu pale kando, mwenyekiti wa kamati akijifanya mgonjwa wa tumbo. Mama Pamela akafika na wenzake wanne, samaki na unga kichwani, Trizah nyuma yao amenuna.

Alilia, yawa! Sikutegemea. Alisema mvua kubwa ya mwaka jana iling'oa paa la kibanda chake, na asubuhi alipofika alikuta limeshapigiliwa. Hakuna aliyesema ni nani. Alimwona tu kijana kwa mbali akiondoka mbio na nyundo, asije akakutana na mama mkwe mtarajiwa uso kwa uso kabla ya wakati. Akasema kijana mwenye adabu ya namna hiyo ziwa lingemwacha, lichukue wengine. Aliposema wengine alinitazama mimi.

Nikaamua kusema ukweli. Naapa nilikuwa nimefungua mdomo.

Pikipiki ikaingia langoni. Mtu akashuka, mweupe kwa vumbi la Osiri, nywele nyeupe, nyusi nyeupe, macho mekundu. Akatutazama. Akatazama turubai. Akatazama kaburi. Akasema, hodi?

Hakuna aliyesema karibu.

Mzee wa kanisa aliruka ua wa michongoma na koti lake. Mwanamume wa mtumbwi alimkanyaga jogoo. Viti, sufuria, kamati nzima ya mazishi, wote barabarani! Na mimi, msanii, nilikumbuka kazi yangu. Nilitoa simu, nikabonyeza, nikaishika juu. Nilisema moyoni, hiki ndicho nilichokuwa ninatafuta.

Mama Pamela peke yake hakukimbia. Alitembea moja kwa moja hadi kwa Nicholas, akamkumbatia kwa mikono miwili, vumbi na yote. Kwetu mkwe hapeani hata mkono na mama mkwe. Hawakai benchi moja. Na yeye amemkumbatia mbele ya wanawake wa Mbita! Nicholas akasimama kama mlingoti, mikono juu, asijue pa kuiweka. Kisha Mama Pamela akakumbuka. Akamwachilia kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Aibu ikampanda usoni, ikageuka hasira, na hasira ikaanza kunitafuta.

Nikakiri yote, filamu, yago na spika. Hukumu yake, mbele ya wote waliorudi: ayie hakuna, mpaka mambo mawili. Kwanza, yago litoke ardhini, na asilitoe mtu wa ukoo huu wala aliyelizika. Pili, kila aliyemwona Nicholas akizikwa amwone akifukuliwa, kwa njia ile ile. Vinginevyo Trizah anarudi Mbita na hadithi imekwisha. Mzee mmoja wetu akasema hajawahi kusikia sheria hiyo. Mama Pamela akamuuliza kama amewahi kusikia filamu hiyo.

Nicholas hakunigombeza. Aliniuliza tu, omera, hii ndiyo kila kitu kiko mikononi mwako? Ingekuwa nafuu anitukane.

Sijui nani alimwita Nicholas. Anasema mtu alipiga simu kwenye kibanda cha chakula Osiri, wakamtuma mtu shimoni na kamba. Bahati tu.

Nimefungua video. Kamera ilikuwa imegeuka. Dakika nne za pua yangu, mdomo wazi. Marion ameiomba abaki nayo.

Jumatano, 13 Agosti

Nani achimbe? Nimezunguka Magunga nzima. Waoga. Mmoja alisema atachimba nikilala mimi humo kwanza.

Kisha, saa nne, nani yuko langoni mwa Nicholas na kofia ya chuma, sururu na karai? Momanyi! Amekuja mwenyewe kutoka Osiri, ameomba kuuona ule udongo. Si wa ukoo wetu. Hakuzika. Anataka kuchimba kuliko kuishi. Nikamwambia, kwa uso mkavu, kwamba kuna kitu pale chini, ila sitaki kuongea sana. Trizah na Mama Pamela wamesimama langoni. Trizah akanishika mkono, akaigeuza simu yangu upande unaotakiwa, akasema haya, piga.

Momanyi ni fundi. Alinyoosha kwanza kingo zangu, akisikitika. Akaweka nguzo. Akashuka. Futi tatu, sururu ikagonga kitu laini. Akatulia. Akapiga magoti, akapangusa kwa vidole, akaona sanda, akatutazama kwa macho ya mtu ambaye maisha yake yamebadilika. Akaifungua kama anayefungua mtoto mchanga.

Yago.

Akalipima uzito. Akalinusa. Akaliosha ndani ya karai, akayatikisa maji, akachungulia. Akaliosha tena. Nicholas, aliyesimama kando yake, alianza kutetemeka mabega. Kisha nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia: Mama Pamela anacheka. Alijifunika kwa leso lakini tumbo lilimsaliti. Momanyi akasema tusicheke, mwamba unaweza kuwa chini zaidi. Alifika futi saba kabla hatujamtoa. Mama Pamela akaamuru shimo lifukiwe, ipandwe migomba. Yago amelitupa mwenyewe, mbali, kwa mkono wa mtu aliyezoea kurusha samaki.

Trizah anasema huu ndio mwisho wa filamu. Nikamwambia Hodi ya Tatu haiwezi kuishia na mtu wa karai. Akaniuliza, shemeji, unataka filamu ama unataka harusi? Nikasema harusi. Nilisema kwa sauti.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimezunguka na mwisho mpya kama nilivyoagizwa. Magunga wamemwona Nicholas akitoka kaburini, wakadai jogoo wao. Osiri nimewatumia kwa simu. Wamesifu nguzo. Abdirahim ameitazama yote, mkono shavuni, akasema bado yule mama hajauliza ni nani. Mapazia nimemrudishia. Moja lina alama ya kwato, sijui ya nani.

Sasa nifikirie kwa utulivu. Hukumu ilisema kila aliyeona akizikwa aone akifukuliwa. Homa Bay hawajaona lolote! Kwa hiyo kesho naweza kuwaonyesha ile ya giza, safi, bila Momanyi, na hakuna sheria niliyovunja. Mama Pamela anasema atakuja kuhakikisha. Nitamketisha nyuma ya nguzo.

Filamu zote mbili ziko kwenye flashi moja. Ya giza nimeiita MWISHO. Ya karai nimeiita MWISHO KWELI, ili nisichanganye.

Ijumaa, 15 Agosti

Homa Bay. Ukumbi wa baridi, feni sita, majaji watatu wenye chupa za maji. Nikampa fundi flashi nikamwambia afungue MWISHO. Akaniuliza, ule mwisho kweli? Nikasema ndiyo, kweli.

Ujinga wa jibu hilo niliusikia baadaye.

Dakika kumi, hakuna aliyekohoa. Watu mia mbili! Jaji wa kike alishika kalamu akasahau kuandika. Mbele yangu mwanamume alikunja miguu juu ya kiti. Hodi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Marion akafungua mlango, kwa mgongo. Giza. Nilihesabu: sekunde nne za woga safi kabisa, mali yangu.

Kisha Momanyi akatokea na karai.

Mwanzo walikuwa wakicheka kwa kunyimwa pumzi, kama mtu aliyeponea ajali. Alipolinusa yago, ukumbi ukalipuka. Alipoliosha mara ya pili, jaji wa kati aliweka kichwa mezani. Nilipogeuka kutafuta mahali pa kufa, nikamwona Mama Pamela nyuma ya nguzo amesimama, anawaeleza wageni kwamba yule mzima ni mkwe wake, na yule wa kamera ni mshenga, tuvumilieni.

Mkwe wake! Amesema mkwe wake!

Nimepewa cheti cha Kicheko Bora. Tuzo ya Filamu ya Kutisha imekwenda kwa Bravin. Droni yake iliishiwa betri juu ya ziwa. Filamu yake ni dakika tatu za maji meusi yakikaribia, kisha mlio, kisha ukimya. Majaji walisema hawatalala. Bravin analia nje, droni ilikuwa ya kuazima. Nilikwenda kumcheka. Nikajikuta nimemnunulia soda.

Jumamosi, 16 Agosti

Ayie.

Tulifika Mbita saa tano, suti, kanga za zawadi, Nicholas amejisugua vumbi hadi ngozi inang'aa. Tukasimama langoni. Mimi mshenga nikasema hodi. Kimya. Nikasema hodi ya pili. Kimya. Nicholas alinitazama vibaya. Nikasema ya tatu.

Mlango haukufunguliwa. Sauti ya Mama Pamela ikauliza kutoka ndani: ni nani?

Nikaanza hotuba niliyoandaa. Akasema si wewe. Nicholas akajibu, jina lake, jina la baba yake, ukoo wake. Mama Pamela akauliza, uko hai? Akajibu, niko hai, mama. Akamwambia aseme tena, wenzake hawajasikia. Akasema tena. Ndani wanawake walikuwa wanajiuma midomo.

Tukaketi, yeye kona ile, Nicholas kona hii, adabu mtindo mmoja. Alipoulizwa kama anakubali, alinyamaza muda mrefu hadi Nicholas akarudia rangi ya Osiri. Trizah akasema, polepole, mama, ulishakubali Jumatatu, tena kwa mikono miwili, mbele ya watu. Kikundi kizima cha Mbita kikaanguka kwa kicheko. Mama Pamela akajifunika leso, na ndani ya leso akasema ayie. Nimekubali.

Vigelegele hadi ufukweni. Nimetokwa na machozi kidogo. Moshi wa jikoni. Abdirahim alikuja na mapazia mapya ya nyumba yao, na akasema kwamba sasa, sasa ndipo hodi imefanywa vizuri.

Jumapili, 17 Agosti

Utulivu. Cheti nimekitundika juu ya televisheni, upande wa nyuma, ndio mweupe zaidi.

Nimetafakari sana niliyojifunza. Nimejifunza kwamba yago moja halitoshi. Filamu mpya tayari iko kichwani: mama mkwe mkali, anakufa siku ya harusi, lakini anaendelea kuhudhuria vikao vya harusi. Baridi imenipanda mgongoni nikiiandika tu! Picha nzuri ya Mama Pamela niliyompiga jana akiwa amekaa kona yake, uso mzito, inafaa kabisa kwa tangazo. Mwaka wa kuzaliwa nitamuuliza Trizah kijanja. Jamaa wa spika nimemwambia asichukue kazi nyingine Alhamisi. Sijamwambia mtu yeyote mwingine.

Daftari nimelihamisha kwa sababu ya yule panya. Sasa liko ndani ya debe lenyewe, chini ya unga, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Marion ameita kutoka jikoni, mikono ina unga. Anasema nikithubutu kuigusa picha ya Mama Pamela, yago linalofuata litakuwa na jina langu, na ameshazungumza na Momanyi kuhusu futi.

Amejuaje? Mwanamke huyu ana kipaji. Nitampa sehemu ya kuongea safari hii.